Sifa za Darubini Isiyokubali Shabaha

Simba wamesifiwa vya kutosha, na tembo pia. Bunduki nazo zina watu wao: ukiketi jioni kwenye kambi ya uwindaji kusini mwa Tanzania, msimu ukishafunguliwa Julai, utasikia .375 ikitajwa kwa heshima ya mzee wa ukoo. Asiyepata msifu ni ile korofi iliyofungwa juu ya bunduki hiyo, darubini iliyokataa kulingana na mtutu. Inadhulumiwa, na leo naitetea.

Kwanza, hakuna mhifadhi anayeifikia. Serikali ina askari wa wanyamapori, ina vibali, vitalu na mgawo. Yote hayo huweka mipaka tu, ndani yake mtu bado anapiga. Darubini hii haihitaji sheria. Mgeni aliyekuja kuwinda hafuati nyati kabla mwindaji bingwa anayemwongoza hajamwona akipiga karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, mita 100, bunduki imelazwa juu ya gunia la mchanga. Risasi ya kwanza inatua kushoto. Anazungusha kifundo cha darubini; ya pili inatua kushoto zaidi. Anazungusha tena, ya tatu hata boksi haliijui. Saa nne inafika, wafuata nyayo wamejilaza kivulini, nyati wameshakunywa maji na kurudi vichakani. Nitajieni kampeni ya uhifadhi iliyookoa asubuhi nzima kwa gharama ya boksi moja.

Tena ni mwalimu wa hesabu. Kwa darubini nyingi za Kimarekani, kila kifundo kikilia "ti" pigo husogea robo inchi kwa yadi 100, yaani kama milimita 7 kwa mita 100. Nyingi za Ulaya husogeza sentimita 1. Aliyekosea kwa sentimita 20 atahesabu kama 29 kwa moja na 20 kwa nyingine, na akiwa ameweka boksi mita 50, atahesabu mara mbili ya hapo. Mshale uliochorwa kwenye kifundo nao unaonyesha risasi itakakoelekea, lakini wapo wanaousoma kinyume mpaka sanduku la risasi liishe. Muuza risasi, kama ana shukrani, angeitundika picha ya darubini hii dukani kwake.

Lakini sifa yake kubwa ni ustahimilivu wa mshtakiwa. Pigo likipotea, wa kwanza kulaumiwa ni yeye, na mara nyingi hana kosa lolote. Fungua pete uone: skrubu za kikalio, zile zilizofichika chini ya darubini, zimelegea kwa ndege mbili na barabara ya vumbi yenye mawimbi. Au zilikazwa na mtu mwenye nguvu kuliko busara, mwili wa darubini ukabonyea. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mti wa bunduki. Ikikwama, mtutu unaegemea mbao, na ukipata joto unageuza nia. Angalia risasi zenyewe: nusu ni za uzito mmoja, nusu za uzito mwingine, na mwenyewe anaapa kwamba risasi ni risasi.

Mgeni akibaki bila kitu cha kusingizia, mwindaji bingwa hufanya hila ya zamani. Anachukua bunduki kama anayeikagua, anairudisha bila risasi ndani, anasema, "Haya mzee, piga tena." Mgeni anavuta triga. Bunduki haikulia, lakini mtutu umeinama kama mtu anayeitikia salamu. Kambi nzima imeona. Darubini, iliyotukanwa tangu alfajiri kwa lugha mbili, haidai hata kuombwa radhi.

Sisemi kwamba haikosi kamwe. Ndani yake mna bomba dogo linalosukumwa upande mmoja na vifundo na kurudishwa na springi upande wa pili. Springi ikichoka, au skrubu ikizungushwa mpaka mwisho wake, unasikia "ti, ti, ti" na bomba halijatikisika. Unapiga: pale pale. Unaongeza: pale pale. Kisha teke la bunduki linalegeza kilichokwama, na yote uliyoyazungusha yanatimia kwa risasi moja. Ni mdaiwa gani mwingine anayelipa malimbikizo yote siku moja, bila kukumbushwa? Ndiyo maana mafundi wa zamani wakishazungusha hugonga kifundo taratibu kwa mpini wa bisibisi.

Kuithibitishia kosa si kazi kubwa, ingawa wenye hasira huiruka. Hakikisha bunduki ni tupu, chomoa komeo, ilaze imara, ilenge boksi kwa kuchungulia ndani ya mtutu, halafu zungusha vifundo bila kuisogeza. Alama ya msalaba isipotembea, ugonjwa umeonekana na hujatumia hata risasi moja. Ukitaka ushahidi zaidi, ihamishie kwenye bunduki nyingine iliyotulia. Isiwe tu ile ya upepo yenye springi, ya kupigia njiwa: hiyo hutikisa mbele na nyuma, na inaweza kuua darubini iliyostahimili .375 kwa miaka.

Ikipatikana na hatia, hufunguliwa, hufungwa kwenye soksi na kusubiri safari ya kurudi kwa walioitengeneza, maana porini hakuna duka la darubini. Mgeni anaazimwa bunduki ya kambi, yenye alama za chuma tu. Kwa hiyo atalazimika kunyata hadi mita 40 hivi, upepo ukimpiga usoni, na kwa umbali huo nyati naye anamwona mgeni vizuri, bila kuzungusha kifundo chochote.