Jinsi ya Kung'oa Kucha Bila Koleo

Mbio za asubuhi zimeingia hadi kwetu, Shinyanga na Geita. Fulana zinafanana, picha zinapigwa, supu inafuata. Kinachokosekana ni majeraha ya maana. Wapo watu wanaokimbia mwaka mzima na kubaki na kucha zote kumi, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Anza na mitumba. Nenda Katoro au Kahama asubuhi na mapema, kabla mguu haujaamka. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na ukikimbia huvimba zaidi, ndiyo maana wajuzi hununua raba alasiri, tena na soksi zilezile za kukimbilia. Wewe nenda asubuhi na kandambili, ujaribu kiatu cha kulia peke yake, umesimama kwa mguu mmoja, mkono begani kwa muuzaji. Cha kushoto kipe imani yako. Kwa watu wengi mguu mmoja umeuzidi mwenzake kidogo, lakini hilo subiri ulijue kwenye kilomita ya tano.

Ukisema inabana, muuzaji atakujibu: "Hiyo itaachia, bosi wangu, ngozi hiyo." Raba yenyewe ni kitambaa na plastiki. Ukisema inapwaya: "Si unavaa soksi mbili, kaka?" Kwa majibu hayo mawili, kiatu chochote duniani kinaingia mguu wowote. Lipa.

Kuna mambo ya kuepuka kabisa. Usipime nafasi ya mbele, kwa sababu utagundua kwamba kati ya ncha ya kiatu na kidole chako kirefu panatakiwa upana wa dole gumba la mkono. Tena kwa wengine kirefu si kidole gumba, ni cha pili yake. Usitoe soli ya ndani ukaikanyaga chini, maana utaona vidole vimemwagika nje ya ukingo na utamharibia mwenzako biashara. Usikigeuze kiatu kukitazama kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, ujue huo ndio mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na goti lako litaurithi. Namba? Tumia ile ya kidato cha nne. Mguu hutanuka na umri na 42 ya kampuni hii si 42 ya kampuni ile, lakini mtu mzima habadilishi namba ovyo.

Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa ana njia yake ya mkato. Duara, yaani shimo lake, likitema dhahabu, anateremka mjini na kununua raba inayong'aa kuliko zote dukani, na mguu utajijua. Duara lisipotema, yapo magambuti. Mbio ndefu za ukanda huu hazina kibao cha kuanzia wala maji njiani. Uvumi tu kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana, rashi imeanza, na watu wanatoka mbio na kilichopo mguuni. Gambuti limetengenezwa kuzuia maji na kokoto. Kwenye mteremko mguu unateleza mbele, kwenye mwinuko kisigino kinapanda na kushuka kikisugua, na jioni una malengelenge pande zote mbili. Lile buti la usalama lenye chuma mbele ni bora zaidi kwa kazi hii: chuma hukinga vidole na jiwe linalotoka juu, lakini hakuna cha kuvikinga na chuma.

Kwa wakazi wa Shinyanga, masika ni msimu wa neema. Ukikatiza mbugani, ule udongo mweusi hushika kiatu kinachopwaya na kukibakiza, wewe ukaendelea na soksi. Kiangazi udongo huohuo unapasuka nyufa, na mguu unaocheza ndani ya kiatu utapata pa kuingia. Kwa hiyo tundu la mwisho la kamba, lile la juu kabisa, liache wazi. Wanaolitumia visigino vyao vinatulia, na kisigino kilichotulia hakileti habari.

Mkwepe sana fundi wa katambuga. Fundi mzuri hukukanyagisha kwenye kipande cha tairi, akachora mguu wako na kukata kwa kuufuata. Siwatumi watu kukimbia marathoni na tairi, lakini inashangaza kwamba kiatu cha bei ya chini kuliko vyote ndicho tunachokipimia mguu, na kile cha bei mbaya tunakipimia pochi.

Ukiulizwa kwa nini unachechemea, jibu kwa historia. Sema Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ishia hapo. Usiseme kwamba viatu alivyojaribu kule havikumkaa vizuri, wala kwamba mwaka 1964 alishinda tena Tokyo kwa saa 2:12:11, safari hii amevaa viatu. Wakibisha, mtaje Eliud Kipchoge, ambaye Berlin mwaka 2015 soli za ndani zilichomoka na kupigapiga nje ya viatu, akamaliza wa kwanza kwa saa 2:04:00, mguu unavuja damu. Na ukitaka machozi, mtaje John Stephen Akhwari wetu, Meksiko 1968, goti limefungwa bendeji, wa mwisho kufika na hakukata tamaa. Yeye aliumia kwa kuanguka njiani, akiwa amevaa fulana ya nchi. Wewe umeumia kwa kuokoa elfu kumi.

Nikiri kwamba kiatu kinachokutosha hakizuii kila kitu. Anayekimbia kilomita mbili Jumatatu na ishirini Jumapili ataumia hata akivishwa mawingu. Kwa asiye na subira, njia hiyo ni ya haraka kuliko raba yoyote.

Kucha ikishakuwa nyeusi na kung'oka, raba usizitupe. Mpe mdogo wako anayevaa 37 na kesho kutwa ana mashindano ya Umitashumta. Mwambie mguu utakua, na soksi si anazo?