Tangi Lenye Kompyuta

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipotoka Uingereza kwa mara ya kwanza, tarehe 29 Februari 2012, iliuzwa dola 35, na sifa zake zikaenea haraka: kompyuta kamili, ukubwa wa kadi ya benki, bei ya mwanafunzi. Hakuna uongo hapo. Ila tarehe yenyewe ingetosha kumshtua mtu; kitu kinachosherehekea siku ya kuzaliwa kila baada ya miaka minne si cha kukiendea kichwakichwa. Ukifungua boksi unakuta bodi ya kijani, tupu kama ilivyotoka kiwandani. Haina kioo, haina kibodi, haina kipanya, haina kadi ya memori, na hii yangu, Pi 4, haina hata kitufe cha kuwashia. Bei ile ni kama kadi ya mchango wa harusi: ukishaipokea, ndipo vikao vinapoanza.

Mimi niliitaka kwa ajili ya tangi. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa ratiba anayoijua mwenye bomba peke yake, kwa hiyo tunaishi kwa tangi la lita 2,000 lililokaa juu ya msingi wa matofali nyuma ya jiko. Nia ilikuwa njema: kompyuta ipime maji, initumie ujumbe kwenye simu kabla hayajaisha.

Kikao cha kwanza kilikuwa Kariakoo. TV ya sebuleni ina tundu la HDMI la kawaida. Pi 4 ina matundu mawili ya HDMI, yote ya maikro. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa huruma, akanikabidhi waya. "Bosi wangu, hii ndiyo yenyewe, wanaichukua sana." Ilikuwa mini. Mini inaizidi maikro kwa kiasi ambacho jicho lenye haraka halikioni ila tundu linakikataa. Alinibadilishia bila ubishi, nauli ikabaki juu yangu.

TV nayo ilibidi niisubiri, maana saa za jioni ni za tamthilia ya Kituruki, na anayeshika rimoti ni mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza na ambaye tarehe yake ya kuondoka haiulizwi. Tamthilia ikaisha, nikachomeka. Taa nyekundu ikawaka, ya kijani ikaanza kukonyeza ikisoma kadi, picha ikaja. Na juu kabisa, kwenye kona ya kulia, ikatokea alama ya radi ya njano.

"Baba Nuru," akasema Mama, "mbona TV inaonyesha radi? Chomoa kabla haijatupiga."

Hakuwa mbali na ukweli. Alama ile hutokea umeme unaofika kwenye bodi ukishuka chini ya volti 4.63 hivi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja niliyokuwa nayo iliandikwa ampea 3 kwa maandishi ya dhahabu, na kwa ninavyoona mimi, hayo maandishi ndiyo yaliyokuwa ghali kuliko vyote vilivyomo ndani.

Shemeji yangu akataka kuipiga bodi picha. Nilishtuka kidogo, kwa sababu mwaka 2015 iligundulika kwamba Raspberry Pi 2 huzima ghafla ukiipiga flashi ya xenon kwa karibu: mwanga ulivuruga kijichipu kimoja cha umeme kisicho na kifuniko. Kompyuta inayoona haya. Pi 4 haina aibu hiyo. Shemeji akapiga, akaweka stetasi.

Kwenye kupima maji nilitumia sensa iitwayo HC-SR04, yenye macho mawili ya bati. Jicho moja hupiga sauti isiyosikika na sikio la binadamu, la pili huisubiri irudi kutoka kwenye maji. Unachukua ule muda, unauzidisha kwa mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, kisha unagawa kwa mbili kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Shida ni kwamba sensa hujibu kwa volti 5, na pini za Pi mwisho wake ni 3.3, kwa hiyo katikati lazima upachike rezista mbili za kupunguza makali. Pini zenyewe ni 40, safu mbili, pembeni hazikuandikwa hata jina moja, na ya volti 5 inakaa bega kwa bega na ya volti 3.3. Nilizihesabu kwa kijiti cha meno kuanzia upande wa kadi, huku mwanangu Nuru, wa darasa la tatu, akizihesabu kwa sauti kuanzia upande wa pili.

Ikafanya kazi! Simu ikalia: tangi asilimia 81. Nikamwonyesha kila mtu.

Sasa, mama mkwe halali mpaka azime swichi zote za ukutani, kwa sababu umeme unanunuliwa. Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwashwa kabla intaneti haijapatikana, huendelea na saa ile iliyoihifadhi kabla ya kuzimika. Asubuhi ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba nyumba nzima imeoga saa nne usiku. Mkwe wako huwezi kumwandikia USIZIME, kwa hiyo nilibandika karatasi: "Tafadhali Mama, swichi hii ina kazi ya usiku." Akaiheshimu. Akazima zingine zote, pamoja na ya ruta.

Halafu shemeji akaishiwa maji bafuni, sabuni machoni, anapiga kelele. Simu yangu inasema tangi asilimia 96. Nikapanda, nikafunua mfuniko: mjusi amejibanza kwenye sensa, tumbo limeziba macho yote mawili, na kompyuta imeridhika kwamba maji yamefika shingoni.

Chini, mama mkwe alikuwa amekwisha kuanza kugonga tangi kwa vifundo vya vidole, kutoka juu kushuka. Ngo, ngo, ngo, ngo, du. "Maji yako hapa," akasema, kidole kikiwa karibu na matofali. Naye alipima kwa sauti, ila hakununua rezista.

Upenyo wa mfuniko nimeuziba kwa silikoni, na mjusi amehamia jikoni. Chaja nayo nimenunua halisi, ya Pi yenyewe. Mdomo wake ni USB-C, sawasawa na wa simu ya shemeji, kwa hiyo hivi ninavyoandika simu yake imejaa na tangi halijulikani.