Namna ya Kugundua Kande Mlandege

Kabla hujatoka Dar es Salaam, jiaminishe kwamba chakula cha Iringa hakijagunduliwa. Wanyalukolo, wenyeji wa huko, wanaokipakua kila siku wasikusumbue akili. Wao wanakula tu. Kugundua ni kazi ya mtu mwenye simu yenye chaji.

Usibebe sweta. Watu watakushauri ubebe, hasa Juni na Julai, lakini hao hawajui mapishi. Ukishapita Ruaha Mbuyuni na joto lake, ukanunua vitunguu usivyovihitaji, ukapanda Kitonga nyuma ya lori linalotambaa kama kinyonga, hewa itabadilika. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukifika huko unatetemeka, tumbo lako litakuwa limeacha maringo ya pwani, na hicho ndicho kiungo cha kwanza cha kande.

Barabara kuu haipiti mjini. Inapita chini, Ipogolo, na wasafiri wengi hunyoosha moja kwa moja hadi Mbeya. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, iliona heri ipitie Makambako kuliko kupanda kuwasalimu Wahehe. Wewe kata kona, panda mlima, uliza Mlandege. Tafuta banda la mama lishe lenye benchi lililojaa makuli na makondakta. Penye viti vya plastiki vitupu, pita.

Sasa agiza. Mazungumzo huenda hivi:

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu, karibu. Kuna wali kuku, wali nyama, chipsi.”

“Nataka chakula cha hapa.”

“Wali ni wa hapa. Mchele wa Pawaga.”

“Nataka mnachokula nyinyi wenyewe.”

Atakutazama viatu, kisha uso, halafu atainama kidogo ili wateja wengine wasisikie: “Umeishiwa nauli?”

Usikasirike. Mgeni hapewi kande. Mgeni anachinjiwa kuku, na akikosekana kuku anakaangiwa mayai. Kande ni siri ya nyumba, huliwa mlango ukiwa umerudishwa. Tena jikumbushe wewe mwenyewe. Kama ulisoma shule ya bweni, kande uliila mpaka ukaapa kwamba ukimaliza kidato cha nne haitapita tena kooni. Leo umesafiri kilomita 500 hivi kuifuata. Usimwambie mama huyo habari za kiapo.

Ya bweni ilikuwa mahindi na maharage yaliyokutana sufuriani kwa bahati mbaya, wadudu wakiwa mashahidi. Hii ni ndoa. Mahindi yametwangwa yakatoka maganda, yakachemka asubuhi nzima kwenye moto wa taratibu hadi maharage yakalegea na mchuzi ukawa mzito bila kuombwa. Kitunguu, nyanya za Ilula, basi. Nazi usiulizie, utaonekana umepotea njia. Omba parachichi pembeni. Tunda hili zamani liliozea chini ya miti. Siku hizi la Njombe na Rungwe linasafiri hadi Ulaya, kwa hiyo lile kwa heshima. Sahani itakuja imejazwa kama lumbesa, na hapa wakala wa vipimo hana la kusema.

Kama ni masika, utasikia habari za ulanzi. Mgemi huchonga ncha ya kichipukizi cha mwanzi asubuhi na jioni, utomvu ukadondokea kwenye mbeta, nayo ni kipande cha mwanzi vilevile. Ukiwa mbichi ni mtamu, unakudanganya kwamba ni juisi. Kadiri saa zinavyokwenda unachacha, hadi unaitwa mkangafu, na mkangafu haumwulizi mtu ameacha gari wapi. Dereva wako mpe chai.

Ukitaka kuendelea hadi Mbeya, hatua ni zilezile. Badili sahani tu. Uyole dai viazi, Tukuyu dai ndizi, na jibu la kila ukarimu ni “ndaga fijo”. Mchele wa Kyela kaule hukohuko Kyela. Magunia yenye jina hilo yaliyoko Dar ukiyapanga, sijui kama wilaya yenyewe ina nafasi ya kuyalaza.

Lakini bado hujalipa Mlandege. Toa pochi, uliza bei. Mama atasema chai tu, mia kadhaa. Ukisisitiza kuhusu kande atacheka: haikuwa ya biashara. Kwenye banda zima kande ilikuwa sahani moja tu, alikuwa ameifunika, ilikuwa yake ya mchana.

Sasa agiza wali kuku. Mwekee mbele yake.