Kipanya Kwanza au Intaneti Kwanza?

Modemu ile iliingia Raskazone, Tanga, mwaka 2001 ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, ndani ya begi la jamaa aliyekuja likizo kutoka Marekani. Ilikuwa modemu ya nje, ya kukaa mezani kando ya kompyuta, yenye taa nyekundu zilizojipanga usoni na herufi mbili mbili chini ya kila taa. Aliyeletewa zawadi alikuwa ami yake mwandishi wa makala haya, karani mstaafu aliyenunua kompyuta ya 486 kutoka ofisi iliyokuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani. Ami alikuwa na haja moja tu: kuandikiana barua pepe na wanawe walioko Muscat.

Mwandishi akaitwa. Aliwahi kuhudhuria kozi fupi ya kompyuta, na kwa ukoo ule cheti hicho kilimfanya bingwa wa chochote chenye waya.

Alipofika, nyumba ilikuwa tayari inanuka plastiki iliyoungua. Ami, kwa kutotaka kumsumbua mgeni, alikuwa amekwishachomeka. Plagi ya Kimarekani ina miguu miwili bapa, nayo soketi ya Tanga ina matundu matatu. Akanunua kichwa cha kubadilishia, kikaingia bila ubishi. Kumbe kichwa kile hubadilisha miguu, hakibadilishi umeme. Mgongoni mwa adapta paliandikwa volti 120, na maji ya mto Pangani yanayozungusha mitambo ya Hale na New Pangani Falls hayasomi maandishi ya mgongoni mwa adapta: ukutani zinatoka volti 230.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba. Usiogope harufu, mwanangu, imeacha.”

Modemu yenyewe ilikuwa nzima. Iliyojitoa mhanga ni adapta. Ngamiani adapta zilikuwa tele, ila zote za redio, na redio hula umeme wa mkondo mmoja, ule wa betri. Modemu hii ilitaka volti 9 za mkondo geu, yaani umeme wa aina ileile ya ukutani, ila umeshushwa. Fundi redio mmoja, mzee asiyewahi kuiona modemu maishani mwake, alisoma maandishi ya chini ya kile kidude, akafungua adapta ya redio, akang'oa dayodi nne na kapasita, akabakiza transfoma peke yake. Dayodi ndizo zinazogeuza mkondo. Ukiziondoa, umeme unatoka kama transfoma ilivyoutoa. Taa zikawaka. Katika mkasa mzima, huyu ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake mara moja ikaisha.

Ikafuata kebo. Kebo ya modemu ya nje ina ncha mbili zisizolingana: pana yenye pini 25, ya kuingia kwenye modemu, na nyembamba yenye matundu tisa, ya kuingia kwenye kompyuta. Nyuma ya 486, tundu la printa nalo ni la matundu 25. Jirani mmoja mjuzi, ambaye hakuna aliyemwita, akaichukua ile ncha pana akaisukuma kwenye tundu la printa. Ikaingia sawasawa. Ncha nyembamba ikabaki inaning'inia, na jirani akatoa uamuzi kwamba Wamarekani wamesahau kuitoboa modemu tundu lake.

Kebo ilipogeuzwa, tatizo halisi likajitokeza. Mlango pekee wa pini tisa ulikuwa na mpangaji: kipanya. Mlango wa pili wa mawasiliano, wa pini 25, ulikuwa mtupu, lakini hapakuwa na kitu cha kuuingia. Ikabidi Ami achague: kipanya au intaneti. Akachagua intaneti, na mwandishi akajikuta anaweka mipangilio yote ya Windows 95 kwa kibodi peke yake, Tab baada ya Tab, watu wa nyumbani wamemzunguka wakimwambia abofye pale. Kumbe vipanya vya aina ile mara nyingi viliuzwa pamoja na kigeuzi kidogo cha kutoka pini tisa kwenda 25. Kigeuzi cha Ami kilipatikana uani, watoto wanakiburuta kwa uzi, kikiwa na cheo cha lori la mkonge. Kikafutwa mchanga, kipanya kikahamia mlango mpana, modemu ikapewa ule mwembamba. Amani ikarudi.

Hapo ndipo modemu ya nje inapomshinda ndugu yake wa ndani, na mwandishi hana shaka na hili. Ya ndani ikikwama, imekaa kimya gizani, na huenda inagombania njia na kipanya bila kukuambia. Ya nje inasema yote. Taa ya TR ikiwaka, kompyuta iko tayari. OH, simu imenyanyuliwa. CD, imeshika mwenzake upande wa pili. Usipoelewa taa, sikiliza spika. Makelele yale ambayo wengi waliyaona kero yalikuwa mahojiano: mashine mbili zinapima mwangwi na mikwaruzo ya waya, kisha zinakubaliana mwendo ambao zote mbili zitauweza.

Majaribio ya kwanza hayakufika kwenye mahojiano. Modemu ilidai kwamba simu haina mlio, ilhali kila mtu mle ndani aliusikia mlio. Ilikuwa imefundishwa kwao: mlio wa simu wa Marekani ni mchanganyiko wa hezi 350 na 440, na wa huku haikuutambua. Dawa yake ni amri ya herufi nne, ATX3, inayoiambia isisubiri mlio, ipige tu. Amri hizi huanza na AT tangu kampuni ya Hayes ilipouza Smartmodem yake mwaka 1981, na modemu za makampuni chungu nzima ziliurithi mtindo huo.

Ikapiga. Ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi. Kisha spika ikatoa sauti ya mtu: “Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?”

Bibi. Chumbani kwake palikuwa na simu ya pili kwenye waya uleule, naye alitaka kumpigia shoga yake wa Chumbageni. Akatoka na kanga yake begani, huku anaomba kinga ya Mungu, akamwendea mwandishi, mjukuu wake, moja kwa moja: “Mume wangu, ndani ya simu kuna mtu anachinjwa, na nyinyi mmekaa!” Mahojiano yakavunjika, ikawa ni kuanza upya. Tangu siku hiyo, kila mara kabla ya kupiga alitumwa mtoto mlangoni kwa Bibi kuomba ruhusa, naye hakuitoa bure.

Hatimaye ilishika, kwa biti 19,200 kwa sekunde. Boksi lilitangaza 56,000, kipimo kilichowekwa na kiwango cha V.90 mwaka 1998, lakini hicho hutaka laini safi. Laini ya Ami ilikuwa na kisanduku cha ukutani kinachotazama bahari, na ndani yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya upepo. Msasa, bisibisi, ncha mpya za waya: ikapanda hadi 28,800.

Tofauti ile ilikuwa fedha. Mtoa huduma wao alikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo kila dakika ya intaneti ilikuwa dakika ya simu ya mbali. Picha ya harusi ya kilobaiti 300 ikitumwa kwa barua pepe huvimba kwa theluthi moja hivi. Kwa mwendo wa kwanza inameza karibu dakika tatu. Ami akajiwekea kanuni: barua zote ziandikwe simu ikiwa imelala, kisha piga, tuma, pokea, kata. Akawa anajibu Muscat kwa ufupi wa telegramu, na wanawe wakadhani amekasirika.

Modemu ilikufa masika yaliyofuata. Wingu lilipofunga juu ya bahari Ami alichomoa umeme wote, akakaa barazani ameridhika. Waya wa simu aliuacha. Radi haikuja kwa nyaya za umeme za TANESCO, ilikuja kwa nguzo za simu: modemu ikaungua, na mlango wa pini tisa wa kompyuta ukaenda nayo. Kipanya, kule kwenye mlango mpana kilikohamishiwa, hakikupata hata mkwaruzo.

Wenye ruta zinazotumia waya wa simu, Tanga hadi Pangani, mngurumo wa kwanza ukisikika chomoeni waya wa simu, na umeme pia. Vyote viwili.