Sifa za Kujikompailia

Mwenye haraka na aende zake kwa paketi. Amri moja tu, na Debian imemletea programu iliyojengwa na wengine, ikatiwa saini, na inafanya kazi. Maskini, hajui anachokikosa. Sisi tunaokompaili wenyewe, hapa Mazwi, ndio tunaoishi.

Baridi ya Juni ya Sumbawanga mnaijua. Piga make -j4, prosesa ishughulike, kisha weka viganja juu ya laptopu. Paketi gani imewahi kumpasha mtu joto?

Halafu kuna elimu. Unatazama mistari ikipanda hadi macho yalegee, mara unaambiwa zlib.h haipo. Unaitafuta, unaipata, unaanza tena; sasa OpenSSL ni ya zamani mno. Umeme ukikatika, make ina adabu zake: ukirudi, huendelea palepale ilipoishia. Ila lile faili lililokatwa katikati huliona limekamilika, na litakutesa mpaka upige make clean, uanze moja.

Wazee wa Ufipa wangetuelewa. Walisimamisha ilungu, tanuru la udongo refu kuliko mtu, wakalijaza mkaa na mawe ya chuma, likajivutia hewa lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka bado hakikuwa jembe: kilihitaji tanuru la pili, dogo, kisha nyundo. Majembe ya Ulaya yalipojaa madukani, malungu yakapoa. Siwalaumu walionunua, jembe lile lililima.

Wabishi wenzangu husema programu uliyoijenga kwa prosesa yako huenda kasi zaidi. Kwa hesabu nzito, huenda. Kwa kuandika kadi ya mchango wa harusi, kasi hiyo huionja aliyeikompaili peke yake.

Na usalama je? Umejenga mwenyewe, kwa hiyo unajua kilichomo, ingawa ile mistari laki kadhaa hujaisoma hata mmoja. Mwaka 1984 Ken Thompson alionyesha kwamba kompaila yenyewe yaweza kupenyeza mlango wa siri usioonekana popote katika msimbo chanzo. Hilo lisitutishe. Mkompaili kamili huijenga hata GCC, nayo kwa desturi hujijenga mara tatu mfululizo, ya pili na ya tatu zikalinganishwa. Siku nzima ya heri!

Kompaila ya kuanzia kazi hiyo? Andika apt install gcc. Haichukui muda.