Fuko, Bundi na Ute wa Konokono

Kwenye kilima cha Capitolium mjini Roma, palipokuwa na hekalu la Juno Moneta na karakana ya kufua sarafu jirani yake, waliishi wanyama waliorithi kile ambacho wanadamu walikisahau ardhini. Mahakimu wao walikuwa mabata bukini, kizazi cha wale waliopiga kelele usiku maadui Wagali walipokikwea kilima kimyakimya, mbwa wakiwa wamelala.

Mjuzi wao wa sarafu alikuwa Mzee Fuko. Macho hana, lakini ukimpa dinari ataipapasa ukingo wote mpaka arudi alipoanzia, kisha ataigonga kwenye jiwe na kutega sikio. Fedha safi hulia ikavuta sauti. Ile yenye shaba ndani na fedha juu mara nyingi hutoa mlio mfupi uliokufa, na pale ukingoni ngozi ya fedha ilipolika, ukucha wake hukwama. Ujira wake ulikuwa mnyoo mmoja. Aliyekosa mnyoo alihudumiwa vilevile.

Siku moja Bundi akafungua kibanda pamoja na Konokono. "Ukoo wetu umo kwenye fedha za Athene," alisema, na ni kweli, bundi yumo. Kazi waligawana. Bundi aliitazama sarafu, akaandika daraja lake kwenye jani: pigo kadhaa kati ya 5, yaani nyundo ilivyotua, uso kadhaa kati ya 5, yaani udongo ulivyouacha. Konokono akaizungushia ute, sarafu na jani pamoja, na ute ulipokauka ukawa gamba gumu, angavu kama kioo.

Tuwatendee haki wawili hawa. Kabla yao, Kunguru aliwauzia wageni sarafu za kughushi mchana kweupe. Bundi alizitambua nyingi, akazikataa. Tena Njiwa asiyejua lolote aliweza sasa kushika dinari bila kuikwaruza. Na Bundi alisema waziwazi, kila siku: "Haya ni maoni yangu. Siapi kwamba sarafu ni halisi." Wenye kusikia gamba likigongwa sokoni hawakuyasikia maneno hayo.

Bei zikapanda. Kunguru, ambaye hakosi njia, alipeleka dinari ya kaizari Trajan wa Roma. Ikatoka na pigo 4, uso 3. Sokoni ikapewa bei ya tini 20. Akalivunja gamba kwa mdomo, akairudisha jioni ya pili. Bundi, aliyekuwa na foleni ndefu, akaandika uso 4: tini 40. Akalivunja tena, akaja usiku wa mbalamwezi, fedha iking'aa. Uso 5. Panya akainunua kwa tini 100, akiba yake yote ya majira ya baridi.

Akaenda nayo mbio kwa Fuko.

"Shikamoo, babu. Nimepata uso 5!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Iweke hapa." Fuko akapapasa, akakuta ute mtupu pande zote. "Ukingo uko wapi?"

"Umo ndani."

"Basi lifungue."

"Nikilifungua, babu, napoteza tini 80!"

Fuko akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo dinari umeinunua kwa tini 20, na ute kwa 80."

Panya alilia kwanza, ndipo akaling'ata gamba. Sarafu ikadondokea kwenye kiganja cha mzee. Kucha zikauzunguka ukingo taratibu, zikasimama nyuma ya kisogo cha Trajan, penye ufa mwembamba unaoingia mpaka kwenye herufi. Uso wa Fuko ukakunjuka.

"Namjua huyu. Nilimfukua mwenyewe masika, kwenye mizabibu ng'ambo ya mto Tiber, chini ya kigae cha chungu. Kunguru alimchukua kwangu kwa minyoo kumi. Ni halisi, gramu 3 na kitu. Shika hapa: fundi aliiweka fedha kati ya mihuri miwili, mwenzake akapiga nyundo, na fedha ikapasuka kwa nguvu ya pigo lile. Kichwa kimeegemea kushoto kwa sababu mkono wa mtu uliteleza. Duniani hakuna dinari nyingine yenye ufa huu. Utaipa namba gani?"

Msomaji, niache hekaya kidogo, maana jambo hili linaniuma. Mwaka 42 KK Brutus alifua sarafu yenye majambia mawili na kofia ya uhuru, kumbukumbu ya kuuawa kwa Kaisari, mtawala wa Roma, mauaji ambayo yeye mwenyewe alishiriki. Moja ya dhahabu iliuzwa London Oktoba 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3, ikiwa imefungwa ndani ya gamba la plastiki lenye daraja la juu: pigo 5, uso 3. Hati za asili yake zilikuwa za uongo. Machi 2023 waendesha mashtaka wa New York waliirudisha Ugiriki. Daraja lilisema sarafu ilivyo. Ilitoka wapi na ilipitia mikono ya nani, gamba halikusema, na mnunuzi hakupaswa kulitegemea kwa hilo.

Shauri la Panya likafika kwa bukini. Walikaa tangu alfajiri. Bundi alikiri kwamba sarafu moja aliipa nyuso tatu, na sauti yake ilitetemeka, kwa kuwa alikuwa mkweli na aibu ilimwingia.

Hukumu ilisomwa jua lilipotua. Bundi aendelee kupima, maana jicho lake limewaokoa wengi. Konokono aache ukingo wazi. Kila jani liandikwe sarafu ilipofukuliwa na wote walioimiliki, na isiyo na habari hizo isifungwe. Kunguru amrudishie Panya tini 80.

Panya alizihesabu tini zake, zikatimia. Dinari hakuirudisha kwa Konokono. Imo shimoni kwa Fuko, juu ya kitambaa, na kila mtoto anayetaka kujifunza huanzia kwenye ufa ule.