Sifa za Gia Moja Mlimani

Wapo wanaonunua baiskeli ya gia 22, halafu mlimani vidole vinapapasa kuitafuta ya 23. Tuwaache na mateso yao ya kuchagua. Mimi naisifu baiskeli ya gia moja iliyokazwa, isiyo na fri-wili: gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zazunguka, na miguu yako, itake isitake, imo.

Hesabu yake ni nyepesi, hata kama kazi si nyepesi. Meno 48 mbele, 16 nyuma: kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 6.3. Mlima ukikubana hadi kilomita 10 kwa saa, unanyonga mara 26 hivi kwa dakika. Mwenzako wa gia, meno 34 mbele na 34 nyuma, ananyonga karibu mara 80 kwa mwendo huohuo. Maskini, anavyohangaika! Wewe kati ya pedali na pedali una wasaa wa kuomba dua, kukumbuka madeni, na kusikiliza goti la kulia likijibizana na la kushoto.

Wapenzi wake husema gurudumu lenyewe huusukuma mguu upite pale juu ambapo nguvu hufa. Ni kweli, maadamu gurudumu bado linazunguka.

Wakubwa walituunga mkono. Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alishikilia kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45. Ushindi wa heshima hutoka kwenye misuli. Hapa kuna wachokozi watakaotaja mwaka 1902, Touring Club de France ilipojaribu baiskeli milimani, na Marthe Hesse mwenye gia tatu akamshinda bingwa Edouard Fischer mwenye gia moja. Jambo dogo. Desgrange hakuyumbishwa na ushahidi, sembuse sisi wafuasi wake! Derela, yaani vifaa vya kubadilisha gia, ziliruhusiwa kwenye Tour mwaka 1937, yeye akiwa ameshaachia usukani. Kabla ya hapo, aliyetaka wepesi alisimama chini ya mlima, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi, akalikaza tena. Mapumziko halali kabisa, ambayo waendeshaji wa leo wameporwa.

Mteremko nao una neema zake. Mwenye gia huachia miguu na kukaa kama mzigo. Wewe, kwa kilomita 50 kwa saa, unanyonga mara 130 na ushee kwa dakika. Kazi uliyoikosa wakati wa kupanda unalipwa yote, pamoja na riba.

Na mlima ukikataa katakata, utashuka uisukume. Hapo ndipo ubora wake hauna mpinzani: haina derela, haina nyaya zake, ni nyepesi mkononi. Baiskeli ya gia ina uzito gani ikisukumwa mlimani, mwenyewe hawezi kukuambia.